Miti ya Slebu ya Kwanza

Sina subira na mtu anayepiga ukuta kofi halafu anasema, "Hii ni ngumu." Mjomba wangu, kaka yake mama, amejenga hivyo maisha yake yote, na maduka yake mengi pale Bungoma yanasimama kwa kofi na maombi. Alipopata kandarasi ya kujenga hosteli mpya ya wanafunzi wa chuo kikuu mjini humo, na mimi nikaletwa na chuo kuwa injinia wa kumsimamia, nilisema wazi kwenye kikao cha kwanza kwamba huyu ni mjomba wangu. Walicheka. Wakasema basi kazi itaenda vizuri.

Slebu ya kwanza, ile sakafu ya zege ya ghorofa, tuliimwaga mwishoni mwa Julai, mwaka wa kutahiri wavulana kwetu. Slebu mbichi haijibebi. Inashikiliwa kutoka chini na miti ya mkaratusi, imepangwa msitu mzima, mpaka zege likomae, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Kila mti niliutia alama ya rangi nyekundu, nikawaambia mafundi kwamba mti wenye rangi hii hauguswi mpaka niseme mimi. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjomba.

Agosti ikaingia, kengele za watahiriwa zikaanza kulia barabarani, mafundi wakatawanyika makwao. Jumamosi ya kwanza nilitoka kwangu Matisi, Kitale, nikaenda Lugulu nyumbani kwa mjomba, aliyekuwa akiwapeleka jandoni wanawe. Nilikwenda kwa sababu ya mama tu. Uani walikuwa wamesimamisha kibanda kikubwa cha turubai, cha kutosha kanisa zima. Nikakaribishwa, nikaletewa ugali na nyama. Nilipoinua macho niombe chumvi, nikaona alama yangu nyekundu kwenye nguzo iliyo mbele yangu. Nikatazama nguzo ya pili. Kibanda chote kilikuwa kimesimama juu ya miti yangu.

Nikaacha chakula, nikainuka. Nilimkuta mjomba na wazee wenzake, mrija wa pombe ya busaa mkononi.

"Anko, miti ya slebu inafanya nini hapa?"

"Si slebu imekauka? Nimeipiga na mkono yangu, ni mawe hiyo. Miti nimeazima tu, Jumatatu inarudi. Ama unataka wageni wangu wanyeshewe, ati juu ya rangi yako?"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu msichana amesoma mpaka anaogopa simiti, bana."

Niliondoka bila kuaga, nikaenda Bungoma mchana uleule. Chini ya slebu palikuwa peupe, pamefagiliwa vizuri kama sebule. Nilivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati zege likausukuma uzi chini; slebu ilikuwa imebonyea. Ufa ulikuwa umepita chumba hadi chumba, mpana wa kuingiza ukucha. Nililia, si kwa huzuni. Ilikuwa hasira.

Jumatatu miti ikarudi kweli, na mjomba akasimama kando yake kama mtu anayengoja kushukuriwa. Nikamwambia slebu inavunjwa. Alinifokea mbele ya mafundi, akataja kila shule aliyonipeleka na kila blanketi aliloninunulia. Ofisa wa chuo naye akanivuta kando. "Injinia, si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Sasa ziba. Piga plasta tuendelee."

Plasta! Chini ya ufa ule wangelala watoto wa watu, na juu yao tupandishe ghorofa nyingine mbili. Nilimwambia aweke sahihi yake mwenyewe basi, kwa kuwa yangu hataipata. Akapanda gari lake, akaondoka bila kusaini. Slebu ikavunjwa, mjomba akafukuzwa kazini, na mimi nilisimama pale nikifurahia kila nyundo. Sijui nijifanye nilisikitika kwa faida ya nani.

Siku hizi hosteli imejaa, wanafunzi wanaanika suruali madirishani. Mjomba hataki jina langu litajwe kwake. Binamu zangu wakiniona sokoni Bungoma wanavuka barabara. Hayo yote nayaweza.

Ila mama alikuja Matisi mwezi uliopita. Alikunywa chai yake yote kwanza, akaweka kikombe chini.

"Hiyo slebu ya kaka yangu," akasema, "iliangukia nani?"

"Haikuangukia mtu, mama. Tuliivunja kabla."

"Kwani ilianguka?"

"Hapana."

"Haikuanguka," akasema. Akachukua mkoba wake, akatoka kwenda Lugulu, kwa kaka yake.