Mwalimu Wangu wa Hesabu na Seva Isiyo na Skrini

Mwalimu aliyenifundisha hesabu nilipokuwa sekondari hapa Likasi alipofuka akiwa bado mtu wa makamo. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona polepole kutoka pembeni, na alipoanza kugonga mabega kwenye milango matibabu yalikuwa yamechelewa. Habari hiyo ilinikuta Lubumbashi, nikijifunza kazi ya kompyuta. Nilirudi nyumbani miaka baadaye, nikafungua ofisi ndogo ya kutengeneza kompyuta na mitandao karibu na stesheni ya treni. Nilijua tu kwamba anakaa mtaa wa Shituru, katika nyumba ya kampuni ya madini ambayo baba yake, mtu wa Kasai, alipewa zamani alipoletwa huku kufanya kazi ya shaba.

Asubuhi moja mwanamke alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia kelele za soko.

"Mama, ni weye unatengenezaka ma-ordinateur?"

"Ni minye, mama."

"Bwana yangu anakuomba. Anasema alikufundishaka. Kama uko na nafasi leo, fika ku masomo, kule nyuma ya parokia."

Nilipanda taxi-bus, nikashuka karibu na reli, nikaenda kwa miguu huku harufu ya kiwanda ikinikereketa koo. Nyuma ya parokia kulikuwa na shule anakofundisha sasa: darasa moja refu la watoto wasioona, na pembeni yake chumba kidogo. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya meza, kibao cha chuma na karatasi nene mbele yake, akitoboa nukta moja moja kwa sindano fupi yenye mpini wa mbao. Mkewe, aliyenipigia simu, alikuwa amefika kutoka sokoni anakouza unga wa mahindi. Unga ulikuwa bado mikononi mwake. Alishika kitabu cha jiografia, akisoma kwa sauti sentensi moja, akinyamaza, akingoja mumewe amalize kutoboa, kisha akiendelea.

Nilisalimu. Mwalimu akainua kichwa.

"Ongea tena," akasema.

"Jambo, Maître. Ni minye."

Akacheka. "Ule mutoto wa banc ya mbele! Ulikuwa unabishana na minye hata kama jibu iko ku tableau."

Nilikuwa nimeogopa sana dakika ile ya kwanza. Nilimkumbuka mwanamume aliyeandika ubaoni haraka kuliko sisi tulivyoweza kunakili, na sikujua nitaweka wapi macho yangu. Lakini alininyooshea mkono, akaniuliza habari za mama yangu, na kabla sijakaa alikuwa tayari ananieleza tatizo.

Shule ilikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi yale ya vitone ambayo wasioona husoma kwa vidole. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kompyuta iliyoiongoza: umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaunguza kompyuta pamoja na skrini yake. Ndani yake ndimo ilimokuwa programu ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, programu ya Windows tu. Diski yake bado walikuwa nayo. Waliomba kompyuta nyingine, hawakujibiwa. Tangu hapo mkewe alikuwa akisoma vitabu kwa sauti kila mchana, na mwalimu akitoboa kila ukurasa kwa mkono, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hutokea upande wa pili wa karatasi.

"Watoto bako na examen," alisema. "Na minye niko na mikono mibili tu."

Juu ya rafu kulikuwa na kisanduku cheusi, seva ndogo ambayo wafadhili waliileta kwa ajili ya maktaba. Ilitumia Linux, mfumo mwingine usio Windows, na kula umeme kidogo sana, ndiyo maana paneli za jua ziliweza kuibeba siku nzima. Haikuwa na skrini, wala haikuwekewa madirisha na vitufe vya kubofya. Niliunganisha kompyuta yangu ya mkononi nayo kwa waya. Unaiandikia amri, nayo inakujibu kwa maandishi, basi.

"Hata picha hamuna?" aliuliza mkewe.

"Hata moja, mama. Ni maneno tu."

"Basi yeye na bwana yangu batasikilizana," akasema, na mwalimu akacheka kuliko sisi sote.

Nilianza na Wine, programu inayokaa katikati kama mkalimani: programu ya Windows inaomba kitu kwa lugha yake, Wine inakiomba kwa Linux kwa lugha ya Linux. Niliiweka, kisha nikaweka na programu ya nukta nundu kutoka kwenye diski, nikaiwasha. Ikakataa palepale. Ilitaka mahali pa kufungua dirisha lake, na mahali hapakuwepo.

Nilimweleza mwalimu, naye akaniuliza maswali yaleyale aliyokuwa akituuliza darasani. Inataka skrini kwa nini, wakati kazi yake ni kugeuza herufi? Nikamjibu kwamba walioitengeneza hawakuwahi kufikiri kwamba kuna siku itakaa mahali pasipo na mtu wa kuitazama. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi umupatie skrini ya uongo."

Ndivyo inavyofanywa kweli. Ipo programu inayochora skrini ndani ya kumbukumbu ya seva, skrini ambayo haitokei popote, na programu nyingine zinaiamini. Niliiweka, nikawasha tena. Safari hii haikukataa. Haikusema kitu chochote.

Tukangoja. Mkewe akarudia kusoma, mwalimu akarudia kutoboa: mito, maziwa, milima ya mashariki. Mimi nilikaa nikitazama mstari mmoja usiosogea. Sikuona kosa wala jibu, na seva ilikuwa inapumua vizuri. Nikaizima, nikaiwasha, ikawa vilevile. Jioni ilipokaribia niliwaaga nikiwa na aibu kidogo, nikaahidi kurudi kesho.

Kesho yake nikiwa ndani ya taxi-bus, nimebanwa na gunia la makaa, ndipo lilinijia wazo la kijinga kwa urahisi wake: hata kama skrini ni ya uongo, inaweza kupigwa picha. Nilipofika sikukalia hata kiti. Niliandika amri ya kupiga picha ya skrini ile, nikaileta kwenye kompyuta yangu, nikaifungua. Katikati ya weusi kulikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu.

"Kuko nini?" aliuliza mwalimu, maana alisikia nimeacha kupumua.

Nikamsomea: programu haikuona imprimante, mashine yoyote ya kuchapa, iliyosajiliwa, inauliza kama iendelee hivyohivyo. Chini yake kitufe kimoja, OK.

"Tangu jana?"

"Tangu jana, Maître."

Mwalimu aliweka sindano chini, akacheka mpaka akafuta machozi. "Masikini! Anangojea tu muntu amuambie oui, na hakuna mwenye kumuona!"

Nilituma kwenye skrini ile mbonyezo wa Enter, kidole kisichokuwepo kwenye kitufe kisichoonekana. Kisanduku kikaondoka. Muda mfupi baadaye faili la nukta, la maandishi mafupi ya Kifaransa niliyoyaandika kwa majaribio, lilikuwa tayari. Nililituma kwenye mashine, nayo ikaanza kugonga, taratatata, kwa kishindo kilichotetemesha meza. Mkewe aliruka, kitabu kikamponyoka.

Karatasi ilipotoka mwalimu aliishika kwa mikono yote miwili. Vidole vyake vilikwenda mstari wa kwanza, wa pili, kisha vikasimama, vikarudi nyuma.

"Hapa uliandika nini?"

"École."

"Hapana. Ile é iko na nukta zote sita, imejaa kabisa. Hapa kuko bintu bibili sibijue." Akasoma zaidi. "Na hapa tena. Kila fasi kwenye kuko accent."

Niliijua haraka sababu yake. Linux huhifadhi herufi zenye accent, alama zile za juu, kwa namna moja, na programu ile ya zamani ya Windows ilizitarajia kwa namna nyingine, kwa hiyo kila é iliisoma kama takataka mbili. Nikaongeza hatua ya kuyageuza maandishi kabla ya kuyakabidhi. Mwalimu hakunihimiza. Alikaa akinisimulia jinsi alivyojifunza nukta nundu ukubwani, pamoja na watoto wa miaka saba, na jinsi watoto hao walivyomcheka kwa sababu vidole vyake vilikuwa vigumu kwa chaki.

Karatasi ya pili aliisoma kimya hadi mwisho. Akaisoma tena. Kisha akaikunja taratibu, akaiweka kifuani, akasema kwa Kifaransa, "Voilà."

Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Malori ya madini yalikuwa yanapita, tukangoja vumbi litulie. Nilidhani atanishukuru, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniuliza jambo.

"Mama, sasa minye sitasoma tena?"

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwamba aliacha masomo mapema, baba yake alipopoteza kazi. Mwaka ule wa kumsomea mumewe ndiyo mara yake ya kwanza kumaliza kitabu. Sasa alijua volkano inatoka wapi, alijua damu inavyozunguka moyoni. "Ku soko banamuke benzangu bananiita prof," alisema, akacheka kidogo.

Nilirudi naye ndani.

"Maître," nikasema, "hii seva haioni vitabu. Lazima mtu avisome na kuviandika kwanza, ndipo igeuze."

Mwalimu aligeuza uso upande aliposimama mkewe. "Minye nilikuwa nafurahi sababu utapumuzika. Sauti yako ilikuwa inakatika."

"Nilikuwa nachoka miguu ya soko," alijibu mkewe. "Kusoma hakukunichokesha hata siku moja."

"Na haukuniambia?"

"Na weye haukuniuliza."

Nikajifanya nakunja waya. Baadaye mwalimu alinyoosha mkono hewani, mkewe akausogelea.

Niliwaachia kompyuta yangu moja kuukuu, isiyo na nguvu ya kuendesha programu ile lakini inayotosha kuandikia. Nilitengeneza folda kwenye seva: mama yule, mkewe mwalimu, akiweka humo maandishi aliyoyaandika, seva inawasha skrini yake isiyoonekana, inaita programu, inajibu kisanduku kile cha OK, inapeleka nukta kwenye mashine. Mwanzoni aliandika kwa kidole kimoja, na accent alizisahau nusu. Mwalimu alimsomea makosa yake kwa sauti ya darasani na mama akakasirika, akamwambia awasahihishie watoto wake, si yeye. Siku mbili hakuandika. Siku ya tatu alikuja na orodha yake mwenyewe ya herufi zinazomsumbua, akaibandika ukutani kwa bukari, ugali uliobaki.

Kitabu cha jiografia kilikamilika kabla ya mitihani. Watoto wote wa darasa la mwisho walifaulu ila mmoja, aliyekuwa mgonjwa wa malaria wiki ile, naye akarudia mwaka uliofuata na kupita.

Juzi mama yule alinipigia akiwa sokoni. Alisema programu ilinyamaza asubuhi, naye akakumbuka jinsi ya kuipiga picha kwa amri niliyomwandikia. Kulikuwa na kisanduku kipya kinauliza kama ibadilishe marge, pambizo za ukurasa.

"Nikamujibu non," alisema. "Nilifanya mubaya?"

"Hapana, mama. Hata minye ningejibu non."

"Haya. Acha nikuache, kuko bantu banangojea unga."