Bega Lililokwenda Nyuma

Walipomteremsha Damiano kutoka kwenye baiskeli mlangoni pa zahanati, mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania tumboni kama wa mtu aliyeficha kitu ndani ya shati. Hakuweza kuufungua. Mama yake, Kunigunda, alikuwa amemshika kiuno, na kabla hajaulizwa akaanza kueleza.

"Kateleza kwenye mawe, daktari. Alikuwa anakwenda kuanika dagaa, hawa usipa. Mawe ya pale ufukoni yana utelezi."

"Shikamoo, mama," Sekela akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kateleza tu."

Sekela hakuwa daktari hasa, alikuwa tabibu. Lakini huku kando ya Ziwa Nyasa kila avaaye koti jeupe ni daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha watu. Alizaliwa Rungwe, kwenye migomba na mvua zisizokatika, na ziwa alikuwa akilijua kwa upande wa Kyela tu, siku za kwenda kumtembelea shangazi yake. Alipopangiwa kazi huku Ruvuma alilia, akaandika barua ya kuomba uhamisho, ikajibiwa asubiri. Akasubiri. Katika kusubiri akazalisha wanawake wa kijiji kizima, akajifunza kusikia Kimpoto cha wenyeji hata kama ulimi wake ulikataa kukisema, na barua ile akaacha kuiulizia.

Siku hiyo alikuwa peke yake. Muuguzi alikuwa amepanda Mbinga kufuata dawa, na mvua ya usiku ilikuwa imeibeba njia ya mchepuko ya pale darajani. Gari la wagonjwa lilibaki ng'ambo ya mto. Simu haikushika mtandao, hata aliposimama juu ya kisiki wanachopanda watu wote kutafuta mtandao.

Alipima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, akayapata. Akamfinya Damiano vidole.

"Unasikia?"

"Kwa mbali. Vinakufa ganzi."

Bega lilikuwa limeteguka, hilo halikuhitaji picha. Alimchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kulegeza misuli, akatoka nje kutafuta mtu wa kumshikia mgonjwa. Nyumba ya pili alimkuta Izidori, bwana mifugo, amebana kuku kwapani akimdondoshea jichoni chanjo ya kideri.

"Bwana Mifugo, nakuhitaji. Sasa hivi."

Izidori akamwachia kuku, akaja na matope yake miguuni.

Mabega karibu yote yanayoteguka hukimbilia mbele, na Sekela alikuwa amerudisha kadhaa ya namna hiyo. Akapitisha shuka kwapani mwa Damiano, Izidori akaishika, naye akauvuta mkono na kujaribu kuuzungusha utoke nje. Damiano akapiga ukelele uliowanyamazisha hata wanawake waliokuwa wakisubiri kliniki barazani. Mkono haukusogea. Uligoma kama mlango uliotiwa komeo kwa ndani. Sekela akaweka nguvu kidogo zaidi, akasikia mfupa ukisaga juu ya mfupa, akaachia.

Alijua kwamba angeulazimisha mkono ule ungevunjika mikononi mwake, mbele ya mama mtu.

"Vipi?" Izidori akanong'ona.

"Nyamaza kwanza."

Akaanza upya, kwa vidole. Alipita juu ya mtulinga, mfupa wa chini ya shingo, akashuka mbele ya bega. Pale alipotegemea kukuta uvimbe wa kichwa cha mfupa palikuwa bapa, na katikati ya ubapa huo kulikuwa na kitu kilichochongoka kikamdunga kidole. Alikijua. Ni ule mfupa mdogo uliopinda chini ya mtulinga ambao wataalamu wa zamani waliufananisha na mdomo wa kunguru. Kwa mtu asiyeumia huwa umejifunika nyama, unautafuta kwa kubonyeza. Mwalimu wake chuoni aliwahi kuwaambia: huyo kunguru akikudonoa vidole, jiulize kichwa cha mfupa kimehamia wapi. Sekela akapeleka kiganja mgongoni, nyuma ya bega. Kilikuwa huko, mviringo, kigumu, kama limao chini ya ngozi.

Bega lilikuwa limekwenda nyuma. Na yeye alikuwa amelivuta kama lililokwenda mbele.

Lakini palikuwa na jambo la pili alilofundishwa, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kuteleza tu ni mara chache sana hulipeleka bega nyuma. Hulipeleka umeme, au mwili unaokamatwa na misuli yake wenyewe. Kwa kina Kunigunda hakukuwa na umeme.

"Mama," akasema taratibu, "aliteleza, au alishikwa?"

"Nimeshakwambia. Kateleza."

"Nauliza kwa sababu huyu anaingia ziwani na mtumbwi."

"Kateleza!" Sauti ya Kunigunda ilipanda, kisha akaangalia barazani waliko watu, akaishusha. "Daktari, nakuomba. Watu wa mchumba wake wanakuja Jumapili."

Hapo Damiano, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kulegea kwa dawa, akafumbua kinywa. Ukingo wa ulimi wake ulikuwa umechanika, umevimba.

"Mimi sikumbuki mawe yoyote," akasema. "Nakumbuka harufu kama ya nywele zinazoungua. Halafu nikaamka mama ananifuta mchanga. Si mara ya kwanza, daktari."

Kunigunda akajifunika uso kwa kanga. Sekela alitamani kumshika, lakini vidole vya Damiano vilikuwa vinapauka.

Wakamlaza kwa ubavu wa kushoto, uso dirishani. Sekela akaushika mkono kama ulivyo, umeegemea tumbo, akaanza kuuvuta kwa kufuata unakoelekea.

"Izidori, hicho kichwa cha mfupa kisukume mbele. Sasa."

Izidori akakita viganja, akasukuma kuelekea shingoni. Damiano akarusha teke, kitanda kikalia.

"Mbele, nimesema!"

"Si ndiyo mbele hiyo! Kichwa chake kiko huku!"

Wakatazamana. Sekela akaelewa. Mtu huyu maisha yake yote alikuwa akishika ng'ombe na mbuzi, na kwa mnyama mbele ni kule kulikotangulia mdomo.

"Huyu anasimama kwa miguu miwili," Sekela akasema, jasho likimwingia machoni. "Mbele yake ni kifuani."

"Basi nitajie kitu ninachokiona."

Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake ziwa lilikuwa limechafuka, rangi ya chai ya maziwa.

"Sukuma ziwani. Mimi navuta mlangoni. Mama! Mama, njoo ushike shuka, uvute kabatini. Sina mtu mwingine."

Kunigunda hakusogea. Kisha akaishusha kanga, akaja, akaisokota shuka mkononi kama mtu anayevuta nyavu zilizojaa, akakaza.

"Polepole. Asivute mtu kwa ghafla. Ziwani, Izidori, ziwani."

Walivuta hivyo muda ambao kila mmoja baadaye aliusimulia kwa urefu wake. Hakuna kilichotokea. Pumzi zilisikika, na mbuzi fulani alilia nje. Sekela alikuwa karibu kuachia aliposikia, kwenye viganja zaidi kuliko masikioni, mfupa ukipanda ukingo, ukasita, ukadumbukia mahali pake. Mkono ukafunguka wenyewe, laini. Damiano akaguna kama mtoto aliyeshushwa mgongoni.

Rangi ikarudi vidoleni. Sekela akaufunga mkono ukiwa umeelekea nje kidogo, si kwa kuubana kifuani kama wengi wafanyavyo.

Barabara ilipofunguka Damiano alipelekwa Mbinga, akapigwa picha, akarudi na dawa za kifafa, na Sekela akamkataza kuingia ziwani. Jumapili ile wageni walikuja, wakaambiwa ukweli na Damiano mwenyewe, wakanywa uji wakaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Kunigunda alikaa mwezi mzima akipita mbele ya zahanati bila kugeuza shingo. Sekela alimwamkia kila mara, akajibiwa na mgongo. Kuna jioni aliumia moyoni, akajiuliza kama kweli ni yeye wa kuamua mtu asiingie ziwani katika kijiji ambacho mwanamume asiye na mtumbwi hahesabiwi.

Asubuhi moja alishuka ufukoni kununua usipa. Mitumbwi ilikuwa imetoka. Damiano alikuwa kwenye vichanja, akigeuza samaki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado haupandi juu ya kichwa. Alimwona Sekela, akaendelea na kazi, akamwacha asimame.

"Zile dawa," hatimaye akasema bila kuinua macho, "zimebaki za kesho tu."

"Zimefika. Njoo kabla hatujafunga."

"Nitakuja," akasema, akakung'uta usipa mkononi, akasogea kwenye kichanja kinachofuata.