Karatasi Niliyoiandika kwa Herufi za Chuoni

Mimi sikusoma. Nalisema mapema, mtu asije akanishtukizia nalo mbele ya safari. Haya nayasema kwa mdomo na binti yangu anayaandika, na nimemwambia asinipambe.

Shule ya serikali niliingia siku chache tu. Baba akafa, nikapelekwa gereji kushika spana. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita chuo cha Kurani hapa hapa mtaani kwetu Buyenzi, ambako mwalimu alitufundisha kuandika kwa wino juu ya ubao, fimbo ikiwa karibu. Herufi zile hazikunitoka mpaka leo. Za Kifaransa hazikuwahi kuingia. Duka langu la vipuri nimelijenga bila hizo, na sikusaidiwa na mtu. Nipe beringi nikiwa nimefumba macho, nitakwambia ni ya gari gani. Namba nazijua. Sahihi yangu niliitengeneza kwa mkunjo mmoja mzuri, na benki wakaukubali. Basi watu wakadhani nimesoma, nami nikawaacha wadhani hivyo. Asubuhi nakaa mbele ya duka nimefungua gazeti, natazama picha, nageuza ukurasa kwa wakati wake. Hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kupiga kura hakukuwahi kunisumbua. Baraza la komini, lile linalosimamia mitaa yote, ni la vyama: huchagui mtu, unachagua listi. Kila listi ina karatasi yake yenye alama yake. Unapewa zote, unaingia nyuma ya pazia, unayoitaka unaitia katika bahasha nyeupe, zilizobaki unazitia katika nyeusi. Viti vinagawanywa kufuata kura, wanawake lazima wawemo, makabila lazima yawemo, wakipungua wanaongezwa. Hapo nilikuwa mfalme. Alama naziona kama mtu yeyote.

Chini yake kuna baraza la katiye, yaani mtaa, na huko vyama haviingii. Kila mtu anasimama kwa jina lake, watano wa juu kwa kura wanaingia, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye shefu, mkuu wa katiye. Ni baraza dogo kuliko yote, lakini ndilo linaloingia nyumbani kwako. Ukigombana na jirani kwa ajili ya ukuta, unaenda kwao. Mume akipiga mke, wanaitwa wao. Ukitaka karatasi ya kuonyesha kwamba unakaa hapa, ni wao. Na mwaka ninaouzungumzia, kwenye kura ya katiye hakukuwa na alama wala picha. Ulipewa karatasi tupu, uandike jina la unayemtaka.

Mwaka huo alisimama shemeji yangu. Si shemeji wa damu. Ni mjane wa rafiki niliyeanza naye gereji, fundi wa kushona, na watu walikuwa wakimpelekea magomvi yao kabla hata hajawa kitu. Alinijia dukani.

"Shemeji, mi nasimama."

"Unasimama wapi?"

"Kwa baraza ya katiye. Wale wanaume watano wamekalia mitaro mpaka mbu wanatujua kwa majina."

"Sasa unataka kuwa shefu?"

"Apana. Nataka kiti kimoja, hata kile cha mwisho. Wanawake wakienda kusema mambo yao wakute mwanamuke. Kura yako ninayo?"

"Unayo. Hata usiulize."

"Nauliza, maana we ni mutu ya maneno mengi." Akacheka, akaenda zake.

Siku yenyewe tulipiga kura shuleni, darasani. Mbele yangu kwenye mstari alikuwepo bibi mmoja jirani, ameshikwa mkono na binti yake. Alimwambia msimamizi waziwazi, "Mi sijui kuandika, huyu ataniandikia." Wakaingia wawili, wakatoka, imekwisha. Sheria inaruhusu.

Msimamizi, mwalimu wa kutoka upande mwingine wa mji, alinitazama mvi zangu. "Na wewe muzee, unahitaji mutu wa kukusaidia?"

Nyuma yangu fundi mmoja wa magari akadakia. "Huyo? Huyo anamaliza gazeti kila siku. Atusaidie sisi."

Watu wakacheka kwa heshima. Nikamwambia msimamizi, "Kamusaidie mama yako." Nilimtukana mtu aliyekuwa ananitendea wema, na nilijisikia vizuri.

Nyuma ya pazia palikuwa na kalamu imefungwa kwa kamba. Nikaitazama ile karatasi tupu. Kisha nikakumbuka: jina la shemeji ni la Kiislamu, nimeliandika chuoni mara nyingi juu ya ubao. Nikaliandika. Nilianza kulia kwenda kushoto, herufi zimesimama vizuri, na irabu zake juu na chini. Nikakunja karatasi mara nne, ndogo kabisa, kwa kuogopa mtu asiione. Nikatoka nikijiona mjanja.

Alasiri kura zilihesabiwa pale pale, milango wazi, sisi tumejaa madirishani. Msimamizi anafungua karatasi, anasoma jina kwa sauti, mwenzake anachora kijiti ubaoni. Shemeji alikuwa anakwenda vizuri. Kisha msimamizi akafungua kikaratasi kidogo, akakigeuza juu, akakigeuza chini.

"Hii nini? Ni michoro."

Kijana mmoja aliyekaa mle ndani kuangalia hesabu, aliyesoma chuo cha Kurani kama mimi, akakiomba. Akakisoma. "Ni Kiarabu. Ni jina la mama mushonaji."

Kwenye dirisha la pili mtu akasema, "Hirizi hiyo. Ametia hirizi ndani ya sanduku ili kura zimufuate."

Kicheko kilijaa darasa na uwanja. Kwetu hirizi tunaijua: jina la mtu, herufi za Kitabu, karatasi imekunjwa ndogo. Ile yangu haikukosa hata kimoja. Msimamizi akasema imeharibika, akaiweka pembeni.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka dirishani. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili, "Ni yangu." Shemeji alisimama uwanjani, mtandio umemshuka mabegani, anatazama chini. Nilirekebisha kofia yangu.

Kwa kiti cha tano walilingana kura, yeye na muuza mkaa mmoja. Msimamizi akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwamba mwenye umri mkubwa ndiye anayechukua, kiti kikaenda kwa muuza mkaa. Kura moja zaidi, kingekuwa cha shemeji.

Laiti ingekuwa kiti tu. Baada ya hapo watu walianza kupeleka vitambaa vyao kwa mafundi wengine. Walisema aliyeweza kutia karatasi sandukuni atashindwaje kuishonea katika pindo la gauni. Wanawake wale wale aliotaka kuwasemea ndio waliotangulia kuondoka.

Alinijia tena dukani, safari hii bila kucheka. "Shemeji, we unajua kusoma, na ulikuwa pale. Nani ananichukia hivi? Nani ana mwandiko ule?"

"Watu wabaya ni wengi," nikamwambia. Kwa mdomo huu huu ninaoswalia.

Nilikaa na hilo miezi. Ilipokaribia Idi, mke wa mwanangu alileta nyumbani gauni jipya, na nikaona si mshono wa shemeji. Nikamuuliza sababu. "Baba, siwezi kuvaa kitu chake nikaenda nacho kuswali," akajibu, anaendelea kupakua wali. Sikula.

Kesho yake nilienda kwa shemeji. Alikuwa anafumua mshono kwa wembe. Nilimwambia yote, kuanzia gazeti mpaka karatasi. Hakuinua uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mi nilikuwa najua siku zote kama sikuweka hirizi. Unaniambia mi ya nini? Kawaambie wale."

Shefu mpya alipoita mkutano wa katiye, uwanjani pale pale shuleni, nilisimama. Nikasema karatasi ile ilikuwa yangu, na kwamba sijui kuandika kwa herufi za shule. Hawakuniamini. Mmoja akasema, "Muzee anamufunika shemeji yake." Fundi yule wa magari akasema hajaona mtu asiyejua kusoma akimaliza gazeti kila siku. Uwongo wangu nilikuwa nimeujenga vizuri kama duka.

Shefu akatuingiza darasani, akanipa chaki. "Andika jina lake kwa ubao, tuone."

Nikaandika jina lake, kutoka kulia, irabu zake juu na chini. Hawakucheka sasa. Kijana yule aliyesoma karatasi akasogea karibu. "Ndio mwandiko ule," akasema.

Shefu akasema hesabu haifunguliwi tena, baraza litabaki lilivyo mpaka muda wake uishe, ila wote wamesikia na wawaambie wasiokuja. Bibi jirani, yule aliyesaidiwa na binti yake, akanigeukia. "Baba, si uliniona mi naingia na mutoto wangu? Kwa nini na wewe hukuomba?"

"Niliona haya," nikasema.

Shemeji alikuwa amekaa dawati la nyuma. Ndiyo mara pekee aliyosema siku ile. "Na mimi je, shemeji?"

Shefu alingoja nijibu. Wote walingoja. Niliirudisha chaki mezani, wakaingia kwenye habari ya takataka.