Mtoto Ambaye Sikumzaa

"Ingawa alipata mimba akiwa darasa la saba, mama huyu hakukata tamaa!"

Hivyo ndivyo mshereheshaji alivyotangaza kwenye maikrofoni, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilikuwa jukwaani, katika hoteli moja katikati ya jiji, nimevaa kitenge nilichojishonea mwenyewe, nimenyoosha mikono kupokea tuzo ya kioo. Aliyeishika tuzo hiyo alikuwa mzee ambaye zamani alikuwa mwalimu wangu mkuu, yule yule aliyeutunga uongo huo. Watu walisimama. Mama mmoja wa meza ya mbele alijifuta machozi. Mshereheshaji akaomba makofi ya kilo, na yakaja, pa, pa, pa, yote kwa ajili ya mimba ambayo haikuwahi kuingia tumboni mwangu.

Nimepita katika mengi, lakini sijawahi kupata saa mbaya kama ile. Hata siku niliyotumbukia chooni haikunivunja hivyo.

Ngoja nirudi nyuma, msije mkasema naropoka. Na mjue kwamba naandika nikiwa nimepumua. Kama ningeandika mwaka jana, karatasi ingeungua.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kabiria, na choo cha wasichana kilikuwa chini kabisa, karibu na ua. Kilikuwa choo cha shimo chenye sakafu ya mbao. Mbao zile zilikuwa zimelainika hata ukikanyaga unasikia zinalalamika. Siku moja mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa na zamu ya kupiga deki ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wetu wa darasa akaingia, akamwambia kwamba mbao za choo zimeoza na ipo siku mtoto ataanguka. Mwalimu mkuu hakuinua hata kichwa.

"Watoto wenyewe wana uzito gani?" akasema.

Tulisikia sote wawili. Tukaendelea kupiga deki.

Haikupita muda mrefu, mapumziko ya asubuhi, ubao ukakatika chini yangu. Sitawaeleza yote. Mtu akiwa na akili atajazia mwenyewe. Nilishika ukingo kwa mkono mmoja, na uchafu ukanifika kifuani. Mwenzangu wa dawati alikuwa ananingoja mlangoni. Akalala kwa tumbo, akanishika kifundo cha mkono, akapiga mayowe mpaka mpishi wa shule akaja na mwiko bado mkononi. Wakanivuta. Msumari ukanipasua paja wakati wa kutoka, na kovu ninalo hadi leo. Mpishi alinioshea penye mfereji huku shule nzima ikitazama. Mwalimu mkuu alikuja ameziba pua kwa leso.

"Mpelekeni kwao," akasema. "Na sitaki kelele."

Nililala nyumbani, mguu umevimba kama gogo. Wakati huo, habari zikafika ofisi ya elimu kwamba kuna mtoto ameanguka chooni, na afisa akaja kuuliza. Haya niliyapata baadaye kutoka kwa wanafunzi. Mwalimu mkuu alimwambia afisa kwamba hakuna mtu aliyeanguka popote. Huyo msichana asiyeonekana shuleni, akasema, amepata mimba. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alikuwa amesimama kando yake, akaitikia kwa kichwa: "Ni kweli, afisa, ni jirani yangu huyo." Afisa akafunga faili yake akaenda. Siku zile mimba ya msichana ilikuwa jibu linalofunga maswali yote. Hakuna aliyeuliza ya nani, wala alizaa lini. Jumatatu yake, kwenye paredi, bendera ikiwa imeshapandishwa, mwalimu mkuu akawatangazia wanafunzi wote kwamba nimefukuzwa kwa utovu wa maadili.

Mimi sikujua lolote. Mama alinirudisha shule nikichechemea, na tukakutana na mwalimu mkuu langoni.

"Mama, hapa hatupokei wasichana wajawazito."

"Mimba gani, mwalimu? Huyu anaumwa mguu."

"Si ndiyo hiyo dalili? Miguu huvimba."

Naapa, hivyo ndivyo alivyosema. Jeraha alilonitia yeye mwenyewe ndilo alilolifanya ushahidi.

Baba yangu alikuwa mtu wa kuheshimu mwalimu. Mama alinipeleka zahanati, nesi akasema hakuna mimba. Baba akasema, basi itakuwa imetolewa. Hakunipiga. Aliacha tu kunisemesha, na akafa bila kuanza tena.

Sasa, mtaani, mimba bila mtoto ni jambo lisilokaa vizuri, kwa hiyo watu wakanipa mtoto. Wakasema nimempeleka kwa nyanya yake mashambani. Mtoto huyo akakua midomoni mwao. Kwanza alikuwa msichana, baadaye akawa mvulana. Akaingia shule. Kuna mwanamke aliyeapa kwamba amemwona Nakuru, na kwamba tumefanana pua. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha chini akaniuliza kwa upole, "Na yule wa kwanza tutamleta lini?" Nilipomzaa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, majirani waliokuja kumtazama wakanipongeza kwa wa pili. Kila nilipokataa, nilionekana mama mwenye roho ngumu anayemkana mwanawe. Nikachoka, nikanyamaza. Mume wangu naye akachoka kwa njia yake, akaondoka.

Nilijifunza kushona kwa shangazi yangu, na leo nina kibanda na cherehani pale Dagoretti Corner, nyuma ya maduka ya rangi. Nashona mapazia, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Ijumaa jioni nashona sare za watoto wa shule yetu ile ile bila malipo. Kaptura iliyopasuka, sketi iliyochanika, vifungo vilivyong'oka, leteni. Najua vile mtoto anahisi akisimama mbele ya wenzake nguo zake zikiwa haziko sawa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya maana.

Basi katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani akapita akaona watoto wamepanga foleni. Kijana nadhifu, ana ofisi Kilimani.

"Mama, kumbe wewe ni mmoja wetu!"

"Mimi niliishia la saba, na hata hiyo sikuimaliza."

"Aliyewahi kuvuka lile lango ni wetu. Mwaka huu tunatuza wale waliofanya vizuri kazini na wale wanaosaidia jamii. Wewe utakuwa wa jamii."

Akanipiga picha nikiwa kwenye cherehani, akasema nitabasamu. Hakuniuliza swali hata moja juu ya maisha yangu. Wana desturi yao hawa, kwamba maneno ya kumsifu mtu jukwaani wanaenda kuyaomba kwa mwalimu wake. Mwalimu ndiye anayewajua wanafunzi wake, wanasema. Kwa hiyo wakaenda kwa mzee, na mzee akawapa yale aliyokuwa nayo.

Kwa nini nilikubali kwenda? Kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa amenisikia nikiitwa mengi, nikataka asikie siku moja nikiitwa vizuri. Akanipaka rangi ya mdomo, akaita teksi kwa simu.

"Mathe, leo wewe ni mheshimiwa. Usinisahau ukifika bungeni."

"Nyamaza, nitakufuta kazi."

Ukumbini nilimwona mwenzangu wa dawati. Hatukuwa tumeonana tangu utotoni. Siku hizi ni mkuu wa wauguzi, na alikuwa anatuzwa kwa kazi yake. Alinipungia mkono kutoka mbali kisha akainamisha macho. Mwalimu mkuu naye alikuwa meza ya wageni wa heshima, na kando yake yule aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye sasa ni mwenye majumba ya kupangisha. Nikasema moyoni, leo nitachukua kioo changu niende zangu. Kisha nikaitwa, na mkasikia yaliyosomwa.

Makofi yalipopungua, mshereheshaji akanisogezea maikrofoni.

"Mama, salimia watu tu. Muda umetutupa mkono."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekaa wima kule nyuma, hakupiga makofi. Nikajua kwamba nikisema asante sasa, mtoto yule wa uongo atakuwa ndugu yake mpaka nife.

"Hamjambo," nikasema. "Mimi sikupata mimba. Mimi nilitumbukia chooni."

Watu wakacheka. Mshereheshaji akadakia, "Huyu mama ana utani, jameni!"

"Sina utani. Mbao zilioza, mwalimu mkuu akaambiwa, akasema watoto wana uzito gani. Nikaanguka. Akasema nina mimba, ndiyo ofisi ya elimu isimuulize choo. Huyu hapa. Ameshika tuzo yangu."

Kicheko kikakatika. Mzee akaniinamia sikioni, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Binti yangu, leo ni siku ya furaha. Hayo tuyaache."

"Mwalimu," nikasema, na maikrofoni ikachukua yote, "mtoto wangu huyo anaitwa nani?"

Akatoa leso, akaanza kupangusa kioo cha tuzo.

"Waambie, mathe!" binti yangu akapaza sauti kutoka kule nyuma.

Hapo ndipo kiti kiliposogezwa kwenye meza ya pili. Mwenzangu wa dawati alisimama, tuzo yake ikiwa mbele yake, na hakungoja maikrofoni.

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Na hayo maneno ya uzito niliyasikia kwa masikio yangu. Mwalimu aliniita ofisini akaniambia nikifungua mdomo sitafanya mtihani. Nilikuwa mtoto, nikaufunga. Leo mimi ni mtu mzima, mwalimu. Hunifanyi kitu."

Sijui niwaeleze vipi. Ukibeba debe la maji mbali, ukalitua, shingo inabaki kama inaelea. Ndivyo nilivyokuwa. Kichwani kulikuwa kweupe. Mzee aliniachia tuzo mkononi, akaketi akaomba maji. Mwenyekiti yule wa zamani alikuwa ameinamia simu yake, anasoma kwa bidii kama mtu wa mtihani. Mshereheshaji, maskini, akatangaza chakula kabla ya wakati wake.

Na nilikula. Nilikula pilau, nikarudi nikaongeza kuku. Mwenzangu wa dawati alikuja na sahani yake, akasimama mbele yangu kama mtoto aliyeitwa.

"Kwa nini sikukutafuta? Nilikuwa naona aibu, dada."

"Kaa ule kwanza."

"Na ulikuwa unanuka, wewe!" akasema, tayari machozi yanamtoka. "Mkono wangu ulinuka wiki nzima. Mamangu alikuwa ananitengea chakula nje!"

Tukacheka mpaka wahudumu wakatugeukia.

Jumapili nilimweleza mama. Yeye sasa ni mzee, anasikia kwa sikio moja. Akasema, "Mimi nilijua siku zote. Nani angemsikiliza mama muuza mboga kama mimi?" Akalala mapema, na mimi nikalala mpaka jua likawa juu, jambo ambalo halikuwahi kunitokea katika maisha yangu. Jirani mmoja alileta maandazi, akasema, "Sisi tulikuwa tunasikia tu." Nikapokea maandazi. Siku hizi nikipita Kabiria natembea katikati ya njia.

Lakini msidhani yameisha. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani alinipigia simu: "Mama, tusilipeleke hili mbali. Mzee ana presha. Na si tuzo unayo?" Nikamwambia presha ninayo hata mimi, yake na yangu tutaziweka kwenye mizani moja.

Kwa hiyo nasema waziwazi, na majina siyatoi kwa sababu kila mtu kwetu anayajua. Wewe uliyekuwa mwalimu mkuu, njoo paredi ya Jumatatu, mbele ya walimu na watoto, useme kwamba sikuwa na mimba na kwamba ulijua mbao zimeoza. Wewe mwenyekiti wa wazazi, uliyesema ni jirani yako, njoo usimame kando yake kama ulivyosimama siku ile, utuambie uliiona mimba hiyo wapi. Na ninyi wa chama, mliopeleka uongo jukwaani bila kuniuliza, waiteni. Namba zao mnazo, na kualika watu mnajua. Sitaki waniombe msamaha jikoni kwangu. Nataka wajibu pale pale waliposemea, kwa sauti, wakiwa bado hai.