Fundo la Kushoto Kwenye Mkia wa Nguva

Hana glavu zinazomtosha. Hana jozi ya buti. Analo moja tu la kulia, kwa sababu la kushoto lilichanwa na msumeno akiwa kazini. Hana cheti kinachomtambua kuwa mtaalamu wa jambo lolote. Hana bima, hana mkataba unaozidi miezi mitatu, hana mtu nyumbani wa kumchemshia maji anaporudi akinuka. Hana mtoto, lakini kijiji kizima kinamwita Mama Mizoga. Na asubuhi hii hana hata sauti. Anapotaka kisu kikubwa, anaonyesha kwa kidole.

Jua limechomoza sasa hivi. Maji yamekupwa, na mbele yake, juu ya mchanga uliolowa, amelala nguva jike, ubavu mmoja juu, ngozi imevimba na kung'aa kama tairi. Watu wamesimama mbali kidogo, upande ambao upepo hauwapelekei harufu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumwona, nguva si samaki. Ni mnyama anayezaa na kunyonyesha, mwenye mapafu kama yetu, mzito kama ng'ombe, na kama ng'ombe anakula majani, yale yaotayo kwenye sakafu ya bahari karibu na pwani. Kila baada ya dakika chache lazima apande juu avute pumzi. Akinaswa na wavu kule chini hauawi na jeraha. Anakufa kwa kukosa hewa, akiiona nuru ya juu asiweze kuifikia.

Kazi ya Mama Mizoga ni kuwapasua wanyama kama huyu ili ijulikane wamekufaje. Mizoga isipokuwapo, anafanya mengine ya kituo cha utafiti: anapima magamba ya kasa wanaopanda kutaga, anafukua viota vilivyokwisha kuanguliwa na kuhesabu maganda ya mayai, na maji yakikupwa anatembea juu ya majani ya bahari na fremu ya mraba ya bomba la plastiki, akiandika majani yamepungua au yameongezeka. Kituo chenyewe ni vyumba viwili chini ya paa la bati, na friji ambayo mlango wake unafungwa kwa kamba. Analipwa kwa siku alizofanya kazi. Mwezi mzuri zinafika kumi na mbili.

"Nimezoea," anasema kuhusu harufu. "Hata nzi wa hapa wananiamkia. Mgeni akija wanamuuliza, wewe ni wa nani?"

Mzaha huo alinipa jana yake, nilipofika. Leo hana mzaha.

Kwenye shina la mkia wa nguva imefungwa kamba ya nailoni ya bluu, na mwisho wa kamba kuna jiwe. Mtu alitaka mnyama huyu azame asionekane tena. Daktari wa wanyama wa kituo, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, anachuchumaa kuitazama kamba. Mama Mizoga anaitazama pia, kisha anageuza uso upande wa bahari.

Fundo limezungushwa kuelekea kushoto, mara mbili, na ncha imepenyezwa chini yake. Marehemu baba yake alitumia mkono wa kushoto, na ndivyo alivyofunga nyavu zake zote. Aliwafundisha watoto wake wawili. Mmoja ni yeye. Mwingine ni kaka yake.

"Mbona umenyamaza, shoga?" Sauti inatoka kwenye kundi la watu. Ni mwanamke aliyeshika ndoo tupu, mke wa jirani yake. "Fundo hilo hata kipofu angelijua kwa kupapasa. Taja basi!"

"Mama, tuendelee na kazi," daktari anasema taratibu.

"Mwache asikie! Mume wangu alipokamatwa na kasa mmoja, mmoja tu, nilikuja mlangoni kwako nimepiga magoti. Ukaniambiaje? Ukaniambia sheria haina shangazi. Haya, leo tuone kama ina kaka."

Hakuna anayecheka. Mama Mizoga anainama, anaingiza kisu chini ya pezi la nguva, na kuanza kukata.

Hayo aliyosema jirani ni kweli tupu. Miaka minne iliyopita wavuvi wa hapa walikaa, wakabishana siku nzima, wakakubaliana kwamba hakuna atakayetega wavu juu ya majani ya bahari, kwa kuwa humo ndimo wanamokula nguva na kasa, na humo ndimo samaki wengi wanamokulia. Atakayevunja atatajwa, awe nani. Mama Mizoga ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi. Mwaka uliofuata jirani yake alivunja, naye akamtaja. Mashua ilichukuliwa, leseni ikafutwa. Jirani huyo sasa anaponda kokoto mbali na nyumbani, na mkewe amebaki na watoto na ndoo.

Katika ghuba hii, hesabu ya mwisho iliona nguva wanane. Nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na huweza kupita miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Hesabu yake ni rahisi na inatisha.

Daktari anafungua mapafu. Yamejaa povu. "Wavu," anasema. Kisha anakwenda kwenye kwapa la mnyama, mahali chuchu za nguva zilipo, anabonyeza kidogo, na maziwa yanatoka, meupe, mazito, yanatiririka juu ya glavu yake.

"Ananyonyesha," anasema.

Mama Mizoga anaweka kisu chini. Anatembea hadi ukingo wa maji na kusimama pale muda mrefu akitazama mbali, kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichoelea. Mtoto wa nguva wa umri ule hawezi kuishi peke yake.

Walipomaliza, na mzoga umefukiwa juu ya mstari wa maji makuu, daktari alimvuta pembeni. "Fundo si ushahidi, mama," alimwambia. "Mimi naweza kuandika: chanzo cha kifo ni wavu, mwenye wavu hajulikani. Nitatia sahihi mimi, si wewe."

"Daktari, anajulikana."

"Na wewe nani atakulaumu? Ni kaka yako."

Mama Mizoga alinawa mikono, akavaa viatu vyake vya kawaida, akaenda kwa kaka yake. Aliniruhusu nifuatane naye. "Maana nikienda peke yangu," alisema, "nitarudi nimebadili mawazo."

Kaka yake anaishi katika nyumba ya vyumba vitatu vilivyopigwa lipu nusu. Pesa za lipu ziliishia dirishani. Tulimkuta uani ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso kaupeleka ukutani. Mkewe alituletea viti, akaingia ndani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Mtu wa gazeti."

"Vizuri. Aandike na urefu wangu, wasije wakanishonea sare fupi huko jela."

Alijaribu kutabasamu. Dada yake hakumfuata huko.

"Kaka, ulitega pembeni ya majani?"

"Nilitega pembeni." Alikwangua ukuta kwa ukucha. "Ukweli? Nilitega ndani. Wiki tatu narudi na samaki wa kutosha paka. Nikasema usiku mmoja tu. Alfajiri navuta wavu, mzito, nikafurahi. Mimi nikafurahi, dada, unasikia?"

"Halafu ukamfunga jiwe."

"Nikamfunga jiwe."

Hapa dada yake aliuliza swali ambalo ni mtu wa kazi yake tu anayeweza kuliuliza. Mvuvi yeyote wa hapa anajua kwamba mnyama mkubwa aliyekufa huvimba, na gesi ikijaa tumboni humwinua hata akiwa na jiwe. Ukitaka azame, lazima umtoboe tumbo.

"Kwa nini hukumtoboa?"

Kutoka ndani ya nyumba tulisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, kana kwamba mkewe naye anataka kusikia.

"Nilishika kisu," alisema hatimaye. "Nikamgeuza. Nikaona maziwa yanatoka. Yanatoka yenyewe, yanasambaa kwenye maji. Na kitoto chake kiko pale pale, kinazunguka mashua, kinapanda kuvuta pumzi, kinazama, kinarudi. Nikapiga maji kwa kasia kikimbie. Hakikimbii. Mkono ukakataa. Nikafunga jiwe, nikaachia, nikaja nyumbani nikalala mchana kutwa."

"Kilikwenda upande gani?"

"Kilizama pale mama yake alipozama. Sikungoja kuona."

Huyu mtu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado msichana mdogo, na kaka, ambaye mwenyewe hakuwahi kuingia darasani, alimpeleka shule hadi pesa zilipokoma. Dada alipokuwa mtu mzima, alimwandikisha katika darasa la jioni, na kila siku alimngoja nje ya dirisha hadi somo liishe, ili asirudi peke yake gizani. Mama Mizoga anasema kila herufi anayoiandika leo ni samaki fulani ambaye kaka yake hakumla.

Sasa akimtaja, kaka atapoteza mashua na leseni, na asipoweza kulipa faini, atafungwa miezi sita. Nyumba ile ina watu saba wanaokula kutokana na mashua ile. Asipomtaja, mapatano ya wavuvi yamekufa. Kila mwenye wavu atasema kwamba majani yanalindwa dhidi ya wasio na dada kituoni, na nyavu zitarudi. Nguva saba waliobaki hawatachukua muda mrefu.

"Wewe unataka nifanye nini?" kaka alimuuliza.

"Mimi nimekuja kukuuliza wewe."

"Usinitupie mimi! Mimi nimefanya langu, wewe fanya lako." Kisha akashusha sauti. "Yule mume wa jirani, nilikuwa namcheka. Nilisema mjinga, ameshindwaje kujizuia. Mkuki kwa nguruwe, dada."

Mama Mizoga alilala huko huko usiku ule, kwenye mkeka, pamoja na watoto wa kaka yake.

Asubuhi aliomba meza ipanguswe. Ni meza ndogo yenye mguu mmoja mfupi, uliopachikwa kipande cha mbao chini. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa zilizonyooka za mtu aliyejifunza kuandika akiwa na mikono migumu, akifuta na kuandika upya. Kaka yake aliketi mbele yake. Alipomaliza alimsomea kwa sauti, kwa kuwa kaka hasomi.

Barua ilikuwa kwa ofisi ya uhifadhi. Ilieleza mahali wavu ulipotegwa, namna mnyama alivyokufa, kamba, jiwe, na maziwa. Ilisema mhusika ni mvuvi mmoja wa kijiji, na ikataja jina lake.

"Hapo," kaka alisema. "Mvuvi mmoja wa kijiji. Ni nani huyo?"

"Ni wewe. Jina lipo."

"Majina yako mengi. Andika kaka yangu. Tumbo moja. Yule mwanamke mwenye ndoo akisomewa, asiseme ulinificha nyuma ya mvuvi mmoja."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mke wa kaka alikuwa mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. "Andika, wifi," alisema. "Tukae tunajua moja."

Akaandika.

Sehemu ya pili ya barua ilikuwa ombi. Anaomba iwekwe kanuni kwamba mvuvi atakayeleta kituoni, siku hiyo hiyo, mnyama aliyenaswa wavuni kwake bila kukusudia, akiwa hai au amekufa, asiadhibiwe. Anaeleza kwamba hofu ndiyo inayofunga mawe kwenye mikia. Kwamba kwa kila mzoga unaoibuka haijulikani ni mingapi isiyoibuka, na kituo kinahesabu gizani. Kama kaka yake angekimbilia kituoni alfajiri ile, ameandika, pengine watu wangetoka na mashua kumtafuta mtoto akiwa bado hai.

"Wakikubali," kaka aliuliza, "mimi nitaachiwa?"

Dada yake alimsomea mstari wa mwisho: kanuni hiyo, ikikubaliwa, ianze baada ya shauri hili, isimguse kaka yake wala kumrudishia jirani yake kilichokwisha kwenda.

Kaka aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua bahasha iliyokuwa mezani na kuisogeza karibu na dada yake.

"Nataka wavuvi wanaokuja waogope kidogo tu, wasiogope sana," Mama Mizoga aliniambia, akikunja karatasi mara tatu. "Mwenye hofu kubwa anaficha. Mwenye hofu ya kiasi anakuja kusema. Hilo tu ndilo nalitaka. Mengine Mungu anajua."

Alipaka gundi kwenye ulimi wa bahasha, akaukunja, akaubana kwa kiganja. Kaka yake akaweka kiganja chake juu ya cha dada yake, wakabana pamoja hadi ikashika. Dereva wa kituo, aliyeitwa kuja kuchukua barua, alikuwa tayari nje, pikipiki inanguruma. Aliipokea, akasoma anwani, akawatazama wote wawili, akaitia ndani ya koti na kuvuta zipu hadi shingoni.

Kisha akaondoka nayo.