"Siwezi kumnunua mume wangu dukani": Nyamizi na amplifaya ya besi iliyouzwa na shemeji

MPANDA. Jioni imeingia Ilembo, na Nyamizi Lyamba anasugua vidole kwa limau na majivu kando ya banda la tumbaku. Anasugua kwa nguvu, kama mtu anayeiadhibu mikono yake. Gundi ya majani imemganda mpaka kwenye kucha.

"Hii isipotoka, nyuzi zinanata," anasema bila kuinua kichwa. "Na leo nina mazoezi."

Nyamizi, mwenye umri wa miaka 38, ni kibarua wa kuchambua tumbaku. Msimu mzima hukaa chini kwenye mabanda ya wakulima, akitenganisha majani kwa rangi na ubora. Ujira ni shilingi elfu sita kwa siku, akimpata mkulima anayelipa bila kuzungushana. Mwisho wa wiki hupiga gitaa la besi katika bendi ya harusi mjini Mpanda.

Ukimuuliza nani alimfundisha, hujibu upesi. Ukimuuliza kwa nini alikaa karibu miaka miwili bila amplifaya ya mazoezi nyumbani, anaacha kusugua.

"Hiyo nikikueleza, usinipunguzie maneno. Andika kama nilivyosema."

Aliyemfundisha ni marehemu mume wake, Gervas, fundi pikipiki na mpiga besi wa bendi hiyo hiyo. Jioni baada ya kazi waliketi chumbani kwao Nsemulwa, amplifaya ndogo ikiwa juu ya kigoda, sauti imepunguzwa ili wapangaji wenzao wasigombe. Gervas alishika vidole vya mkewe akaviweka kwenye nyuzi.

"Aliniambia, 'Mama Leti, besi haipigi kelele. Besi inawashika watu kiunoni.' Mimi nilidhani ananitania."

Gervas alipougua ini, Nyamizi alianza kumshikia nafasi kwenye harusi. Alipofariki, nafasi ikawa yake.

Matanga yalipoisha, mdogo wa marehemu, Ubaldo, alifika na gari aina ya pikapu pamoja na ndugu wengine wa ukoo. Walibeba makochi, friji na kitanda kikubwa. Walimwambia pia kwamba kiwanja cha Ilembo, ambacho yeye na Gervas walikinunua pamoja, kinarudi kwenye ukoo. Mwisho Ubaldo akachomoa waya wa amplifaya.

"Nikamwambia, shemeji, hiyo ni ya kazi yangu. Akacheka. Akasema, 'Mwanamke na besi wapi na wapi? Hii ni ya kaka yetu.' Kaburi lilikuwa halijaota hata nyasi."

Gitaa lenyewe lilipona kwa sababu lilikuwa nyumbani kwa Gaudensia, rafiki yake anayepiga drams kwenye bendi.

Tangu siku hiyo Nyamizi alifanya mazoezi bila umeme. Alikiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao ili mbao zimsaidie kusikia, wakati mwingine akabana taya lake kwenye mwili wa gitaa. Ili asikie, alizoea kuvuta nyuzi kwa nguvu mno. Akifika kwenye harusi, kwenye amplifaya kubwa ya bendi, sauti ilitoka kama mtu anayegonga pipa.

Kiongozi wa bendi alimuonya mara kadhaa. Mwaka huu alimwambia wazi kwamba kuna kijana Sumbawanga anayesubiri nafasi.

"Hakuniuliza kwa nini napiga vile. Hakuna aliyeniuliza," anasema Nyamizi.

Msimu wa tumbaku ulipochanganya, alijiwekea akiba kidogo kidogo, kisha yeye na Gaudensia wakaenda kwenye duka moja la vyombo vya umeme, vipya na vya mtumba, maeneo ya Majengo. Alibeba gitaa lake begani. Alijua anachotaka: amplifaya ya besi, si ya gitaa la kawaida, ndogo, maana anakaa chumba kimoja, na yenye tundu la hedfoni, maana chumba cha jirani analala muuguzi anayefanya kazi zamu za usiku.

Muuzaji, kijana anayeitwa Shukuru, alimtolea sabufa.

"Chukua hii, mama. Ina besi mpaka mabati yanatetemeka."

"Hiyo ni ya kusikilizia nyimbo. Mimi napiga gitaa."

"Wewe mwenyewe unapiga?"

"Ninapiga. Lete nyingine."

Akaleta amplifaya ndogo nzuri, nyekundu, inang'aa. Nyamizi akachomeka gitaa, akagusa uzi mnene kuliko yote. Spika ikakoroma kama nzi ndani ya chupa. Ilikuwa ya gitaa la kawaida. Akiitumia kwa besi, baada ya wiki chache ingepasuka. Shukuru alisema kelele zile ni za upya, zitaisha. Nyamizi akachomoa waya.

Ndipo kijana akainama chini ya meza, akavuta nyingine iliyojaa vumbi.

"Hii ya mtumba, ila ndiyo ya besi hasa. Laki mbili tu."

Nyamizi anasema aliitambua kabla haijafutwa. Kitambaa cha mbele ya spika kilikuwa kipande cha kitenge cha rangi ya maboga, sare ya harusi yake. Alikishona mwenyewe baada ya panya kutafuna kile cha zamani.

"Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akasema, 'Aliniletea Ubaldo wa bodaboda.' Yaani hata hakuitunza! Angeiweka kwake kama kumbukumbu ya kaka yake ningenyamaza. Ameiuza!"

Alichomeka gitaa. Anasema ilitoa sauti ile ile, nene, ya chumbani kwao. Gaudensia alimnong'oneza, "Mwenzangu, lipa twende. Bei poa, na ni yako."

"Ndiyo maana silipi, kwa sababu ni yangu," Nyamizi akajibu kwa sauti iliyowageuza wateja. "Gervas aliilipia. Niilipie tena? Siwezi kumnunua mume wangu dukani."

Alimpigia Ubaldo simu pale pale. Akaja na pikipiki yake, kofia ngumu bado kichwani.

"Shemeji, unanidhalilisha mbele za watu."

"Wewe ndiye uliyeileta hapa. Mimi nimeikuta."

"Ile ilikuwa mali ya ukoo."

"Ukoo gani? Nyie mlikuja lini hospitali? Dozi ya Gervas alilipia nani kati yenu? Siku ya kubeba ndiyo mkawa ukoo!"

Ubaldo alitoa noti mfukoni, akamwambia achukue yaishe. Nyamizi hakuzigusa. Shukuru, akiogopa kuitwa mpokeaji wa vitu vya wizi, akapunguza bei mpaka ile aliyonunulia. Nyamizi akakataa vilevile, akamtaka aiweke kando mpaka uongozi wa mtaa uitwe.

Kiongozi wa mtaa aliyemwendea alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamwambia mambo ya ukoo huzungumzwa nyumbani.

"Nikamuuliza, nyumbani kwa nani? Mimi ndiye nimeibiwa humo nyumbani. Akasema ana kikao."

Aliporudi dukani wiki iliyofuata, amplifaya haikuwepo. Shukuru alisema ameinunua mtu wa baa kutoka nje ya mji, hamjui. Hakumtazama machoni.

Hapo sauti yake inashuka kwa mara ya kwanza. Anakiri kwamba usiku ule alijilaumu. Laki mbili alikuwa nazo. Angeweza kuwa nayo sasa.

"Inaniuma kuliko yote," anasema. "Na hata leo ukiniletea, siilipii. Ningelipa, Ubaldo angesema alifanya halali, na mjane wa kesho naye angeambiwa anunue vyombo vyake sokoni."

Amplifaya aliyonayo sasa aliipata Kasansa, kwenye kwaya iliyokuwa imenunua kubwa zaidi. Alipanda basi na gitaa lake, akaketi kanisani, akaijaribu kwa muda mrefu mbele ya wanakwaya. Alianza na uzi mnene, sauti ndogo, kisha kubwa. Akachomeka hedfoni, akasikiliza kama upande mmoja unakatika. Akauliza inavumiliaje umeme ukipanda na kushuka. Ni nyeusi, pembe moja imemeguka, spika yake ina inchi nane.

"Si nzuri kwa macho," anasema. "Ila haidanganyi. Nikikosea, inaniambia."

Gaudensia anasema mabadiliko yalionekana haraka. "Sasa anagusa nyuzi, hazivuti. Tulipiga harusi moja Nsemulwa, kiongozi akageuka kumtazama. Habari ya kijana wa Sumbawanga ikaishia hapo."

Nyamizi hakumshukuru kiongozi huyo. Alimwambia awe anauliza kwanza kabla ya kutishia watu.

Na hasira alizotoka nazo dukani hazikuishia kwenye muziki. Akisaidiwa na mwanamke mmoja anayetoa ushauri wa sheria kwa wajane, alifungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Tayari ameteuliwa kusimamia mali za mumewe, na shauri la kile kiwanja cha Ilembo linaendelea. Ukoo umeanza kutuma wazee wa kumbembeleza. Mmoja wao alimwambia hasira za mwanamke huvunja nyumba.

"Nikamwambia, mzee wangu, nyumba mlishaibeba kwenye pikapu. Imebaki ipi ya kuvunja?"

Mikono yake imeshakuwa safi. Anajifuta kwa upindo wa khanga na kuanza kutembea kuelekea barabarani. Njiani anaonyesha kwa kidevu kipande cha ardhi chenye mahindi yaliyokomaa. Ndicho kiwanja chenyewe. Ubaldo ndiye aliyelima.

Anataka kujenga hapo vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, kimoja cha kulala na binti yake Leticia, kingine cha kufundishia wanawake wanaotaka kupiga vyombo. Wanne wameshamwomba.

Anasimama, anayatazama mahindi.

"Haya avune, sina ugomvi na mahindi," anasema. "Mwakani atafute pa kulima."