Mume wa Magokoro

Kila ninaponusa majani mabichi ya chai yaliyoanza kupata joto ndani ya gunia, hukumbuka neno sitiari, na hasira hunipanda upya. Harufu hiyo ni ya Nyacheki, kijijini kwetu, ya muhula mmoja nilipokuwa darasa la saba. Alfajiri nilichuma chai na nyanya yangu, tuliyemwita magokoro kwa Ekegusii, umande ukitulowesha hadi mapajani, kisha nikakimbilia shuleni vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Huko Mwalimu Ombati alitungoja na majina yake: tashbihi, tashihisi, takriri, tanakali za sauti. Tuliyaimba kama majina ya jamaa wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakija hata matangani.

Muhula huo mashindano ya Kiswahili yangefanyiwa Nyanchwa, kwenye kilima kinachotazama mji wa Kisii, na shule yetu ilipewa nafasi moja. Sikuwa nimewahi kufika mjini. Nilitaka nafasi hiyo hadi nikawa nakariri tamathali za semi nikikama ng'ombe. Magokoro, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mumewe anakwenda mjini kuzungumza na wakubwa. Mumewe ni mimi. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, na cheo hicho kina kazi zake: kuchanja kuni, kusifu upishi, na kununa kidogo mzee wa jirani akimsalimia mkeo kwa muda mrefu.

Siku ya kuchaguliwa tulibaki wawili, mimi na Kemunto, binti wa fundi wa cherehani. Mwalimu akataka mfano wa sitiari. Nilisimama wa kwanza, kifua mbele.

"Mimi ni mume wa magokoro."

Darasa lililipuka. "Mwalimu, hiyo si sitiari! Hiyo ni ukweli!" Mwingine akadakia kutoka nyuma: "Hata mimi niko na mke, na hana meno!"

Mwalimu Ombati alicheka hadi akajifuta macho. "Kaa chini, bwana harusi. Kemunto?"

"Juma ni simba," akasema Kemunto, akapigiwa makofi. Hakuna aliyekuwa ameona simba darasani mle, na kutoka kwetu hadi Birongo hakukuwa na mtu aitwaye Juma.

Nilimfuata mwalimu nje. Nilimuuliza kama sitiari si kuita kitu kitu kingine bila ya kusema "kama".

"Ndiyo hiyo," akasema, "na yako ina uhai kumshinda Juma. Lakini kule Nyanchwa wana majibu yaliyochapishwa, kijana wangu, na mume wa magokoro hayumo."

Nyumbani nilimweleza magokoro kilichoninyima safari. Alisikiliza akimenya ndizi, halafu kisu kikasimama. "Kwa hivyo ulisimama mbele ya watu ukasema mimi ni mkeo wa mfano tu?" Nilijaribu kufafanua, nikazidi kuharibu. "Sawa," akasema. "Huyo simba wao na aje anichanjie kuni." Niliyejivunia darasani ndiye aliyeninunia jioni nzima.

Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, nikarundika kamusi, na hata leo hujikwaa kati ya sitiari na istiara kwa sababu kila kitabu kina msimamo wake. Sasa naishi Nyanchwa kwenyewe, kilima nilichokililia, na siku za mvua ni matope tu na bodaboda zinazokataa kupanda. Juzi mwanangu alikuwa mezani akijibu maswali ya shule. Penye sitiari alikuwa ameandika Juma ni simba. Nilimshauri atafute mfano wake mwenyewe. "Baba, mwalimu atanikata alama," akanijibu kwa upole anaotumia kwa wazee, na najua alikuwa sahihi.

Simu ikalia. Alikuwa mama yangu kutoka Nyacheki, siku hizi naye ni magokoro. Nikaweka sauti ya juu.

"Mume wangu yuko wapi? Ameniacha na baridi, au ameoa mwingine huko mjini?"

Mwanangu alifunika simu kwa kiganja. "Hiyo ni sitiari," akanong'ona, "na swali la balagha." Yote mawili alipatia.

"Mjibu basi," nikamwambia.

"Nimjibu nini?"

Aliendelea kunitazama, kalamu mkononi, na chini ya kiganja chake mama yangu alikuwa bado akimwita mumewe.